Kifua cha Chiriku kwenye Kompyuta

"Nyumbani kuna vumbi?"

Swali lilikuwa dogo hivyo tu, na aliyeuliza hakuinua hata macho kutoka kwenye karatasi yake. Lakini Mama Chiriku aliona benchi zima limemgeukia. Walikuwa wanawake sita kwenye korido ya hospitali, kila mmoja na mtoto wake mwenye kifua kibovu, na yule wa mwisho, mwenye viatu vya kung'aa na mkoba wa rangi ya viatu, alikuwa ametoka kujibu maswali yake kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Vumbi?" alisema Mama Chiriku. "Nyumbani kwangu mimi?"

"Ndiyo, mama. La aina yoyote. La barabarani, la unga, la mbao, moshi..."

"Hakuna. Kwangu unaweza kumwaga chakula sakafuni ukakila."

Wanawake wawili wakacheka, wala si kwa ubaya. Yule wa viatu hakucheka. Mtaalamu aliyekuwa akiuliza akatia alama penye "hapana".

"Na njiani kwenda shule?"

"Huko sasa!" Mama Chiriku akashukuru kupata cha kusema. "Huko ndiko kwenye vumbi lenyewe. Malori yanapita mchana kutwa, watoto wanarudi kama waliozikwa wakafukuliwa."

Hilo nalo likaandikwa, kwa maneno mengi.

Chiriku alikuwa na miaka minane. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu alianza kusema kabla hajaanza kutembea, na tangu hapo hakunyamaza ila akiwa usingizini. Sasa alikuwa akisema maneno matatu, ananyamaza, anaitafuta hewa kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, kisha anaendelea. Yule mtaalamu mwenye miwani mikubwa, Chiriku alikwishampa jina siku ya kwanza: Anti Miwani.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama Chiriku alijiambia kwamba hakudanganya. Fundi, mumewe, alikuwa seremala. Miezi mitatu iliyopita yeye na wenzake walifukuzwa kwenye karakana yao, akaileta mashine ya msasa nyumbani, akaifunga uani, chini ya dirisha la chumba cha mtoto. Sheria haikuruhusu mashine kwenye nyumba za kuishi, kwa hiyo jambo hilo halikuwa la kupayuka mbele ya watu wenye kalamu. Na vumbi lilikuwa likiingia, sawa, lakini halikuwahi kulala humo ndani. Alifagia alfajiri, akafagia saa tatu, akafagia adhuhuri, akafagia saa kumi. Alikung'uta mashuka. Alipiga mapazia. Mgeni gani aliwahi kupitisha kidole juu ya kabati lake kikatoka na kitu?

Wiki moja baadaye waliitwa kwenye chumba cha kompyuta. Chiriku alikwisha pitishwa kwenye ile mashine ya mviringo inayopiga picha za ndani ya mwili, na Anti Miwani alikuwa amezipanga zile picha moja juu ya nyingine mpaka zikawa kitu kimoja kinachozunguka kwenye kioo: bomba nene juu, linagawanyika mara mbili, kila tawi linagawanyika tena, na tena, mpaka yanakuwa membamba kama mizizi ya mche uliong'olewa.

"Hiki ndicho kifua chako," Anti Miwani alimwambia Chiriku.

Chiriku akakitazama kwa shaka. "Mbona hakina... nguo?"

Anti Miwani alicheka mpaka miwani ikateleza. Mama Chiriku hakucheka. Alikuwa anahesabu: maneno mawili, pumzi, neno moja.

"Mama, tazama hapa. Hewa tunayovuta haiendi ovyo, ina mwendo wake, kama maji kwenye mfereji. Kompyuta inaupigia hesabu mwendo huo ndani ya kifua cha huyu huyu mwanao, si cha mtoto mwingine. Halafu sisi tunaitilia vumbi la hesabu tu, si la kweli, tunaona linatua wapi. Hili ndilo lile la malori uliloniambia."

Akabonyeza. Doti nyekundu zikaingia puani kwa kishindo, kama watu wanaogombea mlango. Zikajigonga, zikanasa. Zilizopita zikanasa kooni. Chini kabisa, kwenye vijitawi vyembamba, hapakufika hata moja.

"Ni chembe kubwa. Pua inazikamata. Anazipiga chafya, nyingine anazimeza, basi." Anti Miwani akakunja uso. "Ndiyo maana nashangaa. Kwa vumbi hili, kifua kisingebana namna hii. Una uhakika hakuna kingine anachovuta?"

Hapo nafasi ya kusema kweli ilikuwa wazi. Hapakuwa na benchi, hapakuwa na mwenye viatu. Lakini karatasi ilikuwepo mezani, na kwenye karatasi ile alama yenyewe, na Mama Chiriku aliiona jinsi itakavyokuwa: huyu dada msomi ananyanyua kalamu, anafuta, anasema moyoni, kumbe mwongo. Elimu yake iliishia darasa la saba. Mbele ya watu wa namna hii alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, usafi wake.

"Hakuna, anti," alisema.

Daktari akaja, akasoma, akaamua kwa kilichokuwepo. Mtoto apumzishwe shule wiki mbili, aepukane na barabara ile. Pampu ya kuvuta dawa asubuhi na jioni. "Na muda wote akae ndani, mama. Nyumbani ndiko salama."

"Kompyuta imesemaje?" Fundi aliuliza walipofika nyumbani, bila kuweka chini ubao.

"Imesema vumbi la barabarani."

"Si nilikwambia? Yale malori!" Akacheka kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyefutiwa kesi. "Hata kompyuta imekubaliana na mimi, na mimi nimesoma kwa nguvu za mwalimu."

"Fundi. Wamesema akae ndani."

"Akae."

"Ndani ni hapa."

Fundi aliitazama mashine, akalitazama dirisha. Alikuwa na viti sitini vya ukumbi, kazi ya kwanza kubwa tangu karakana ifungwe, na mwenye ukumbi alikwisha piga simu mara mbili wiki hiyo. Mbao zenyewe zilikuwa zile laini za kiwandani zilizoshikanishwa kwa gundi. Ukizipiga msasa hazitoi makapi, zinatoa kitu kama poda.

"Mimi niko nje, yeye yuko ndani. Katikati kuna ukuta," alisema.

"Ukuta una dirisha."

"Dirisha lina pazia."

"Pazia lina matundu, Fundi."

"Basi zibeni! Nitafanyaje mimi, mke wangu? Nikapige msasa mawinguni?"

Wakaziba kwa shuka kuukuu. Mashine ikanguruma. Mama Chiriku akachukua ufagio.

Siku ya nne, Chiriku aliacha kusimulia hadithi zake ndefu akabaki na maswali. Siku ya sita aliacha maswali, akawa anaonyesha kwa kidole. Usiku kifua kilimlia kama mlango usiotiwa mafuta, na mama yake alilala ameegemeza sikio mgongoni mwake. Pampu iliyotakiwa kupigwa mara mbili ikawa mara nne. Na kadiri mtoto alivyozidiwa, ndivyo mama alivyozidi kufagia. Alifagia chini ya kitanda, alifagia kuta, alikung'uta mto mtoto akiwa bado ameulalia.

Siku ya nane alikuja wifi yake, dada wa Fundi, mwanamke wa maneno mengi na manukato mengi. Alivaa gauni jeusi la kwendea kwenye kikao. Mama Chiriku alikuwa amemaliza kufagia muda si mrefu.

"Wifi, utaondoa sakafu hiyo mwishowe tukutane na mchanga wa chini," alisema wifi, akaketi kitandani kwa Chiriku. Akamsuka nywele, akamtania, akamwimbia. Alipoinuka kuaga, Mama Chiriku alimtazama kwa nyuma akapigwa na butwaa.

"Nini?" Wifi akajipapasa. Akaviangalia viganja vyake. "Wee! Wifi, umenipaka unga? Mimi naenda kukaa mbele za watu na matako meupe?"

"Nimekung'uta shuka sasa hivi..."

"Umelikung'uta ukalirudishia ulichokung'uta?" Wifi alicheka akijipiga makofi nyuma, na kila kofi likatoa wingu dogo, na wingu lile halikuanguka. Lilisimama kwenye mwanga wa mlangoni, likitembea polepole, likielekea kitandani.

Mama Chiriku alipitisha kidole kwenye gauni lile, akasugua kwa kidole gumba. Maisha yake yote alikuwa akichekecha unga, na vidole vyake vilijua. Hiki kingepita kwenye chekeche lolote. Kisingebakiza hata punje. Akazikumbuka zile doti nyekundu zilivyogonga pua zikanasa kwa sababu ya ukubwa wao. Hizi zisingenasa.

Hakupata nafasi ya kusema. Chiriku alikuwa amekaa wima, mabega yamepanda mpaka masikioni, midomo imeingia rangi ya majivu.

"Ma," alisema. Na la pili halikuja.

Pampu mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Wifi akapiga yowe, Fundi akaingia mbio kutoka uani mweupe kichwa hadi miguu, nyusi nyeupe, kope nyeupe, akamnyakua mtoto akamkumbatia kifuani akatoka mbio. Mama Chiriku akamfuata peku. Njia nzima uso wa mtoto ulikuwa umegandamizwa kwenye shati lile.

"Mtoeni mtoto kwenye hilo shati!" Nesi wa chumba cha dharura alimpokonya Chiriku kama anayeokoa kitu motoni. Akamvika kinyago cha dawa ya mvuke, kisha akamgeukia Fundi. "Na wewe baba, umekuja kama dawa au kama ugonjwa?"

Kila Fundi alipopumua, vumbi lilimdondoka begani.

"Na wewe mama. Unamwona hivi kila siku?"

"Kila siku," alisema Mama Chiriku.

"Na ukanyamaza."

Watu walikuwa wengi mle, na wote walisikia. Ajabu ni kwamba safari hii hakuona aibu. Alikuwa anakitazama kinyago kinavyofunikwa na ukungu, kinavyoachwa, kinavyofunikwa tena, na hapakuwa na nafasi ya kitu kingine kichwani mwake.

Asubuhi yake alikwenda kwenye chumba cha kompyuta, bado peku, maana viatu vilibaki nyumbani.

"Anti, nilidanganya."

Akamwambia yote: karakana, mashine, dirisha, viti sitini, gauni la wifi. Anti Miwani akavua miwani, akayafinya macho.

"Kwa nini, mama?"

"Uliniuliza mbele za watu."

Anti Miwani akaigeukia kompyuta. Mtu angetarajia afoke, alikuwa na haki. "Kompyuta haiijui nyumba yako," alisema hatimaye. "Inajua ulichoiambia. Wiki nzima nimekaa hapa napitisha kwenye kifua cha mwanao vumbi ambalo si lenyewe. Na jibu lilitoka zuri kabisa, la kupendeza, na ndilo tulilomfungia nalo ndani." Akaivaa tena miwani. "Na mimi niliuliza vibaya. Korido si mahali pa kumwuliza mwanamke habari za nyumba yake."

Basi mama mwenzangu unayesoma hapa, aibu ile ilichukua muda wa kutia alama moja tu kwenye karatasi, na nusura imchukue mtoto. Ukiulizwa, sema. Kama huwezi kusema mbele za watu, omba mlango ufungwe, kisha sema.

Anti Miwani akampa kijisanduku cha kupimia vumbi, kikubwa kama redio ndogo. Kiwekwe juu ya kitanda cha mtoto siku mbili, Chiriku akiwa wodini, na nyumbani waishi kama kawaida yao, wasibadilishe kitu.

Fundi alikiona akarudi nyuma kama aliyeona nyoka. "Hicho kitaniandika. Watu wa manispaa watakuja."

"Waje."

"Wataibeba mashine."

"Waibebe."

"Na viti sitini, mke wangu?"

"Na mtoto mmoja?"

Fundi akachukua msasa wake. Akaenda uani. Muda mrefu haukusikika mlio wowote, kisha mashine ikawaka, kwa sababu ndivyo walivyoagizwa, na mkewe akachukua ufagio, kwa sababu ndivyo walivyoagizwa. Hakuna siku walizofanya kazi zao kwa uchungu kama hizo mbili.

Siku ya tatu walikaa wote wawili mbele ya kioo, Fundi akiwa amevaa shati la sherehe, mikono amebana katikati ya magoti. Safari hii doti zilikuwa za kijani, ndogo hata zilionekana kama moshi. Ziliingia puani bila kishindo. Zikapita kooni kama watu wanaoijua njia. Penye njia panda zikagawana, hizi kulia hizi kushoto, zikagawana tena, zikateremka mpaka kwenye vile vijitawi vya mwisho, na huko zikapunguza mwendo, zikatua. Vijitawi vikaanza kuwa vya kijani.

"Zima," alisema Fundi.

"Kuna kitu kimoja bado." Anti Miwani akafungua mchoro wa vilima na mabonde, saa zimeandikwa chini. "Hiki ndicho kijisanduku kilichopima. Hivi vilima vipana ni mashine yako, Fundi. Lakini hivi vyembamba, virefu? Hapa, saa kumi na mbili asubuhi, mashine imezimwa. Saa tatu, mashine bado haijawashwa. Adhuhuri. Saa kumi. Vimepita hata vya mashine. Nyumbani kunakuwa na nini saa hizo?"

Mama Chiriku alizijua saa zile kama anavyojua vidole vyake. Akavitazama vile vilima vinne, virefu kuliko vyote.

"Ni ufagio," alisema. "Ni mimi."

Fundi angeweza kuushika usemi huo akautundika ukutani, akamwonyesha kila watakapogombana mpaka uzeeni. Aligeuka akamtazama mkewe. "Vumbi ni langu," alisema. "Wewe ulikuwa unalihamisha tu."

"Kitambaa kibichi, mama," Anti Miwani alisema taratibu. "Usifagie vumbi la namna hii, linaruka na kukaa hewani saa nzima. Lifute kwa maji."

"Sasa, dada," Fundi akakohoa kidogo kusafisha sauti, "zikishafika kule chini, zinatokaje?"

"Nyingi zinatoka, polepole. Nyingine zinakaa."

"Mpaka lini?"

"Ana miaka minane. Kifua chake bado kinakua. Kitajisafisha, kama haziongezwi."

"Kama haziongezwi," Fundi alirudia, na akairudia tena kwenye ngazi, na tena kwenye lango la hospitali.

Mashine aliihamisha siku hiyo hiyo kwa mkokoteni, akaipeleka kwenye banda la wafyatua matofali nje ya mji, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mwenye ukumbi aliambiwa viti vitachelewa. Alifoka, akatishia, akakubali arobaini. Mama Chiriku alifuta nyumba nzima kwa kitambaa kibichi, dari mpaka sakafu, na kila alipokikamua maji yalitoka kama maziwa. Nyumba iliyosifika kwa usafi ilitoa ndoo kumi na moja za maji ya namna hiyo.

Chiriku alirudishwa siku ya Ijumaa, mwembamba, macho makubwa. Daktari alimwonya mama yake: asikimbizwe, asilizwe, kilio kinakibana kifua. Jioni alikuwa amekaa mlangoni, lango la ua likalia, baba yake akaingia kutoka bandani, mweupe kama kawaida yake.

"Baba!" Akainuka, mikono wazi.

"Simama hapo! Usinikaribie!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Chiriku akasimama, mikono bado hewani. Tangu azaliwe hakuwahi kuambiwa neno hilo na mtu yule. Mdomo wa chini ukaanza kucheza.

"Nimekosa... nini?"

Fundi alimtazama mkewe kwa macho ya mtu anayezama. Mama Chiriku alikwisha fika, amepiga magoti, kiganja mgongoni mwa mtoto, anaisikiliza pumzi kwa ngozi.

"Hujakosa kitu, mwanangu. Baba amezibeba zile doti nilizokusimulia."

"Za kijani?"

"Hizo hizo. Ngoja akazioge."

Chiriku akalifikiria jambo hilo. Machozi yalikwisha fika machoni, yakasubiri huko. Fundi akavua shati pale pale langoni, akaliacha chini, akaingia kwenye bafu la uani, akafunga mlango. Maji yakamwagika. Chiriku akachukua ndoo tupu, akaipindua, akaketi nje ya mlango wa bafu.

"Baba, umefika... wapi?"

"Kichwani!"

"Nyusi je?"

"Nyusi nazo!"

"Baba usisahau... puani."

"Puani!" Na kweli ikasikika chafya, na Chiriku akacheka, na cheko likageuka kikohozi.

Mama Chiriku alikuwa ameliinua lile shati kwa ncha za vidole, ameliloweka kwenye beseni. Mikono yake ikasimama ndani ya maji. Kikohozi kimoja. Akangoja cha pili, ameangalia mgongo wa mtoto, vile vibega vyembamba, kama vitapanda. Ndani ya bafu nako maji yalikuwa yamenyamaza. Fundi naye alikuwa anangoja.

Vibega havikupanda. Kwa mbali kifuani mlikuwa na kijifilimbi chembamba, kikaja, kikaenda.

"Baba, na nyuma ya masikio," alisema Chiriku. Mama yake akahesabu: matano, kwa pumzi moja. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Bado. Sugua tena."

Kata ikagonga ndoo. Kisha maji yakaanza kumwagika upya.